Pampu Namba Mbili na Maziwa ya Saa Nne

Ikumbukwe, na iendelee kukumbukwa, kwamba tarehe mbili Februari Bodi ya Maji, ambayo jina lake kamili ni refu kuliko mfereji wake mkubwa, iliwatangazia wafanyakazi wake wote mia mbili na kumi kwamba inamthamini, inamuunga mkono na itamsaidia kwa hali na mali kila mfanyakazi anayenyonyesha. Tangazo lilieleza kwamba mama wa namna hiyo, mpaka mtoto wake atimize miezi tisa, ana haki ya kutumia hata robo ya saa zake za kazi kukamua maziwa, tena ndani ya chumba kitulivu, safi, kinachofungwa kwa ndani. Lilitiwa saini na mwenyekiti, likabandikwa kantini, kati ya orodha ya siku za kuzaliwa na picha ya baiskeli iliyopotea.

Siku hiyo idadi ya wafanyakazi wanaonyonyesha katika Bodi ya Maji ilikuwa mmoja. Aliitwa Marrigje Stolk, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini asubuhi ile, binti yake Aafke akiwa na wiki kumi na mbili.

Marrigje alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuanza kujibu swali wakati muulizaji ameshahamia la pili. Alizaliwa chini ya tuta la mto, katika nyumba ambayo kitanda chake cha utotoni kilikuwa mita mbili chini ya usawa wa bahari. Alipokuwa mdogo aliona meli zikipita juu ya paa la jirani, polepole, na taa zake na nguo za nahodha zilizoanikwa, wala hakushangaa. Alidhani duniani kote watu hulala chini na meli hupita juu. Alipoambiwa shuleni kwamba kuna nchi ambazo mto uko chini na nyumba iko juu, aliwaonea huruma watu wa huko, akiwaza wanavyopata usingizi bila kitu cha kupita juu yao.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba alipokua aliajiriwa kuangalia kina cha maji. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya skrini tatu, siku nne kwa wiki, kuhakikisha maji ya bonde lile hayapandi wala hayashuki kupita kiwango kilichoandikwa. Mvua ikinyesha, anawasha pampu na maji yanapandishwa mtoni. Jua likizidi, anafungua lango na mto unashushwa mashambani. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, na bonde halikuwahi kulowa wala kukauka kwa kosa lake.

Tatizo lilikuwa Aafke. Aafke hakutaka maziwa ya unga. Kwenye kituo cha kulelea watoto walimjaribu kwa chupa tatu tofauti, na mlezi wake, Lobke, akampigia mama simu.

"Anaigeukia ukuta, Marrigje. Kabisa. Kama mtu aliyetukanwa."

"Mara zote?"

"Mara zote. Mimi nimelea watoto miaka tisa, sijawahi kumwona wa kunikatia tamaa mapema hivi. Leta ya kwako. Chupa tatu kwa siku, la sivyo ananilalia na njaa."

Mama mkwe, ambaye Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kukaa na mjukuu, hakuona sababu ya kelele zote hizo. "Wouter nilimlea kwa maziwa ya unga," alisema, "na mwone alivyo." Marrigje alimtazama mumewe, aliyekuwa akitafuta miwani aliyoivaa.

Chupa tatu, basi. Kwenye friji ya nyumbani kulikuwa na akiba ya vipakiti kumi na tisa vilivyogandishwa, na kila siku ya kazi ambayo hakupata vya kutosha, akiba ilipungua.

Na hakuwa akipata vya kutosha, kwa sababu ya chumba.

"Ni kwa muda tu," alisema Ineke van der Spek, afisa wa ustawi wa wafanyakazi, mwanamke mwema mwenye kalamu za rangi nne. Alikuwa anamwonyesha Marrigje chumba cha kubadilishia nguo cha watega panya, wale wanaume wanaozunguka mabondeni kukamata panya wa maji wasitoboe matuta. "Wiki mbili tatu hivi. Tumeshaunda kikosi kazi."

"Kikosi kazi cha nini?"

"Cha chumba. Tumekipata, kile namba saba, ghorofa ya kwanza. Lakini hatuwezi kukurupuka. Lazima kila mmoja asikilizwe."

"Anayekamua ni mimi peke yangu, Ineke."

"Ndiyo maana na wewe ni mjumbe! Tunakutana kila Jumanne, saa nne."

"Saa nne ndiyo saa yangu ya kukamua."

Ineke akaandika kwa kalamu ya kijani: mjumbe ana udhuru.

Chumba cha watega panya kilikuwa na buti ndefu za mpira zilizoning'inizwa kichwa chini, mitego iliyorundikwa pembeni, na juu ya kabati panya mmoja mkubwa aliyekaushwa na kujazwa pamba, zawadi ya mstaafu fulani. Marrigje alikaa kwenye benchi, akafunga mashine yake ndogo ya kukamulia, akafumba macho. Kitabu cha mkunga kilisema afikirie mtoto. Alimfikiria mtoto. Panya akamfikiria yeye. Baada ya nusu saa chupa ilikuwa na mililita thelathini.

Kantini, wakati wa mkate na jibini, watu waliuliza. Hawakuwa na nia mbaya. Watu waliozoea kupima kila kitu kinachotiririka wasingeweza kujizuia.

"Leo umepata ngapi, dada?" aliuliza Huib, mtega panya, akijimiminia mtindi wa kunywa.

"Thelathini."

"Thelathini tu? Paka wangu angekushtaki."

"Mwambie mwenzio aache kunikodolea macho."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule wa juu ya kabati."

"Ah, yule mtulivu," alisema Huib. "Yule hana neno na mtu." Lakini kesho yake Marrigje alimkuta panya amegeuziwa ukutani, kama Aafke mbele ya chupa ya unga, na akacheka peke yake kati ya mabuti. Akapata mililita thelathini na tano.

Mwisho wa Februari mvua ilianza, ile ya huko, isiyokuwa na haraka, inayonyesha kama mtu anayesimulia habari ndefu ya ukoo wake. Vipakiti kwenye friji vilikuwa vimebaki sita. Asubuhi moja kipimo kimojawapo cha nyumba ya mitambo kiligoma kusoma, na Marrigje akavuka uwanja kwenda kukitazama.

Nyumba ya mitambo ilikuwa jengo la matofali lenye madirisha marefu kama ya kanisa, limekaa juu ya tuta, upande mmoja mto, upande mwingine bonde. Fundi wake alikuwa Cor Bezemer, mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu na maneno machache ya kumalizia. Ndani kulikuwa na pampu tatu zilizopakwa rangi ya kijani, maua ya dirishani aliyoyamwagilia Cor kwa kikombe cha kahawa, na kiti kimoja cha mbao kilichokaa juu ya sakafu ya chuma.

"Kaa," alisema Cor. "Nawasha namba mbili."

Akakaa. Pampu namba mbili haikuwaka kwa kelele. Kwanza sakafu iliguna, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Kisha mgurumo ukapanda kwenye nyayo, kwenye magoti, kwenye kiti, ukafika kifuani na kubaki hapo, mzito na mpole. Chini yake maji yalikuwa yanapanda gizani: maji ya mvua, ya mitaro, ya nyayo za ng'ombe, yakikusanyika kutoka kila shamba na kupandishwa juu kwenda kwenye meli. Marrigje alihisi kwamba bonde zima limelala na linavuta pumzi, na kwamba yeye amekaa palepale pumzi inapopitia. Aliona kitanda chake cha utotoni. Aliona taa za meli darini.

Alipofumbua macho, Cor alikuwa anatazama dirishani kwa bidii kubwa.

"Binti," alisema bila kugeuka, "shati lako."

Mbele ya shati ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Kesho yake saa nne alikuja na mashine yake. Cor hakuuliza. Alichukua gazeti na kikombe, akatoka kukaa kwenye benchi la nje chini ya upenu wa paa, akamwachia ufunguo, na mlangoni akatundika kibao cha zamani: HATARI, MTAMBO UNAZUNGUKA. Ndani, kwa dakika kumi na mbili, mashine ndogo na mashine kubwa zilivuta pamoja. Chupa ilijaa. Ya pili ikajaa nusu.

"Ngapi?" aliuliza Huib kantini.

"Mia mbili na ishirini."

Mtu wa ramani aliweka chini kisu cha jibini.

"Ehe," alisema Huib. "Sasa tunaongea."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda mwezi wa tatu wote, maana mvua haikukata. Saa nne, na tena saa nane na nusu. Akiba ya friji ilipanda hadi ishirini na mbili. Aafke alikunywa, akanenepa, akaota mikunjo miwili kwenye kila paja. Kikosi kazi cha chumba nacho kilisonga. Kilikutana ndani ya chumba namba saba chenyewe, kwa kuwa hapakuwa na kingine chenye utulivu kama kile, na kilikuwa kimefikia suala la dirisha. Kuta za vyumba vyote vya ghorofa ile zilikuwa za kioo, kwa sababu Bodi haina la kuficha. Kioo cha mama anayekamua kingebandikwa karatasi ya ukungu, isiyopitisha macho. Mapendekezo yaliwekwa wazi kwa wiki sita ili mwenye pingamizi alete, kama inavyofanywa kwa kila uamuzi wa maji, na mtu wa kitengo cha sheria akaleta pingamizi, kurasa nne, kuhusu mwanga wa ukumbini.

Kisha Aprili ikaja kavu.

Hakukuwa na wingu. Mitaro ilikaa kimya ikitazamana na mbingu, na pampu namba mbili ikasimama, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kupandisha. Marrigje alikaa kwenye kiti cha mbao, sakafu ikiwa baridi. Mililita arobaini. Aliurekodi mgurumo kwenye simu, siku Cor alipoupa mtambo mafuta na kuujaribu, akauweka sikioni: ukatoka mwembamba kama nyuki ndani ya kopo. Haukuwa sauti, ulikuwa sakafu. Akiba ikashuka. Kumi na tano. Kumi na moja. Saba.

Ijumaa moja, akiba ikiwa vipakiti vitano, Marrigje alikaa mbele ya skrini zake tatu saa nne kasoro dakika mbili. Miaka kumi na moja hakuwa amebonyeza kitufe kile bila sababu. Alibonyeza. Kwenye daftari la mtambo akaandika: jaribio. Kisha akavuka uwanja, si kwa mbio wala si polepole.

Cor alimwona, akaitazama mbingu ya buluu, akasikiliza sakafu ikiguna. Akachukua gazeti.

Alijaribu mtambo tena saa nane na nusu. Akaujaribu Jumatatu, na Jumanne, na Alhamisi. Hakuna mtambo duniani uliowahi kujaribiwa kwa uaminifu namna ile. Na kila jaribio lilichukua maji kidogo ya bonde na kuyapeleka mtoni, unene wa ukucha tu. Lakini siku ya nane ya kazi mitaro ilikuwa imeshuka sentimita sita chini ya kiwango, na simu ikalia.

"Bodi ya Maji, Marrigje anaongea."

"Nani kanywa maji yangu?"

"Samahani?"

"Gijs Kortleve hapa, wa shamba la mwisho. Mitamba wangu wanne wameamkia kwa jirani. Unajua kwa nini? Wametembea. Shamba langu halina uzio, mama, uzio wangu ni maji, na maji hayapo. Kwa jirani kuna dume limeachiwa nje, na mitamba wenyewe hawajafika umri. Sasa niambie."

"Ni jua," alisema Marrigje. "Mvuke."

"Mvuke," alisema Gijs Kortleve. Akakata.

Kesho yake saa nne na dakika tatu alifika mwenyewe. Aliegemeza baiskeli, akavua viatu vyake vya mti kwenye kizingiti cha nyumba ya mitambo kama mtu anayeingia sebuleni, akabaki na soksi za kijivu juu ya matofali. Cor alisimama mbele ya mlango na gazeti lake.

"Hakuna kuingia. Soma kibao."

"Kibao nimekisoma. Inazunguka kitu gani wakati kumekauka hivi? Cor, mimi na wewe tumesoma darasa moja. Fungua."

"Siwezi."

"Una nini humo ndani?"

Cor alifikiri. "Mtu anafanya kazi," alisema.

Ndani, Marrigje alisikia kila neno kupitia mbao. Chupa ilikuwa imefika katikati. Angeweza kuzima kila kitu, akafunga vifungo, akatoka na hadithi ya mtambo mbovu, na maziwa yangesimama hapohapo. Na kesho angeitwa ghorofani kueleza sentimita sita. Angeweza pia kusema kweli, na akaitwa ghorofani vilevile. Mgurumo ulikuwa bado kifuani mwake, na labda ndio uliomfanya aseme, kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini:

"Bwana Kortleve, ni mimi niliyechukua maji yako."

Nje gazeti la Cor lilikunjwa.

"Nina mtoto wa miezi mitano. Anataka maziwa yangu, hataki mengine. Na maziwa hayashuki mpaka namba mbili iwake. Nimejaribu kila mahali. Nimejaribu na panya."

"Na nani?"

"Panya. Si muhimu. Nimewasha pampu mara kumi na saba bila ruhusa. Najua nilichofanya. Nisubiri tu dakika nane, nimalize, kisha twende wote ghorofani."

Soksi za kijivu zilihama kidogo juu ya matofali.

"Unasema hayashuki mpaka mtambo ulie?" aliuliza Gijs Kortleve.

"Ndiyo."

"Hapo hapo ulipo? Si kwa redio?"

"Nilijaribu simu. Haifai."

"Haiwezi kufaa. Sikiliza, mama. Mwaka nilioleta mashine mpya ya kukamulia, ya kimya, ghali mno, ng'ombe sitini walinizuia maziwa wiki nzima. Sitini! Wamesimama wananitazama tu. Mke wangu ndiye aliyesema, warudishie kelele yao. Nikafufua injini ya zamani, nikaifunga ukutani iungurume bure, haivuti kitu. Wakashusha. Mpaka leo inaunguruma bure. Simaanishi wewe ni ng'ombe."

"Sijachukia."

"Wangu wanatoa lita thelathini."

"Usimwambie Huib."

Cor, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya jengo lile, alicheka.

"Haya," alisema Gijs Kortleve, na sauti yake ikarudi kuwa ya simu. "Mtoto ni mtoto, lakini maji ni yangu. Ukitoa huku, unarudisha kule. Lango la mto liko kwenye kona yangu. Fungua usiku, yaingie, asubuhi yatoke. Yazunguke tu."

"Hilo si jaribio tena," alisema Marrigje kupitia mlango. "Hilo linahitaji ombi. Kusafisha mtaro kwa maji ya mtiririko. Fomu namba kumi na nne."

"Nani anaomba?"

"Mwenye shamba."

"Sababu?"

Marrigje alifikiri. Pampu ilifikiri pamoja naye. "Utando wa kijani juu ya maji."

"Utando gani?" alisema Cor. "Aprili hakuna utando."

"Utakuja," alisema Gijs Kortleve, na akavaa viatu vyake.

Aliijaza fomu siku hiyohiyo, kwa herufi kubwa, kwenye meza ya kantini, akiombwa kuweka saini chini ya tangazo la mwenyekiti kwa kuwa hapo ndipo penye mwanga. Aliomba mtaro wake usafishwe kila siku ya kazi, saa nne na saa nane na nusu, dakika kumi na mbili kila mara, hadi mwisho wa msimu. Hakuna aliyeuliza kwa nini dakika kumi na mbili. Jambo lilikuwa la maji, na la maji Bodi huliamua haraka. Fomu iliidhinishwa kwa siku mbili.

Kiangazi kile kilipita kama kitu kilichotazamwa kupitia glasi ya maji. Usiku lango lilifunguka lenyewe na mto ukashuka kimya kwenye mitaro ya Kortleve; mchana namba mbili iliuvuta tena na kuurudisha ulikotoka. Maji yaleyale, au mengine, nani angejua, yalizunguka bonde kama wazo la mtu mmoja. Marrigje alikaa kwenye kiti cha mbao na macho yamefumbwa. Wakati mwingine alihisi kwamba anakamua mashamba, na mashamba yanamkamua yeye. Kwamba mahali fulani Aafke, mdomo wazi juu ya kitambaa cha Lobke, ameinua kichwa na kusikia sakafu ikiguna. Mitamba hawakuvuka tena. Mwezi wa sita utando wa kijani ulikuja kweli, kila mahali isipokuwa shamba la mwisho, na majirani wakaanza kumuuliza Gijs Kortleve siri yake.

"Maziwa," aliwajibu, na hawakumwelewa, na hakurudia.

Tarehe tisa Agosti Aafke alitimiza miezi tisa. Marrigje alipata barua ya Ineke, yenye picha ya korongo, yule ndege anayesemekana kuleta watoto, pembeni, ikimpongeza na kumkumbusha kwamba kuanzia siku hiyo haki yake ya kukamua kazini imekwisha. Aliisoma saa nne kasoro dakika tano. Kisha akavuka uwanja. Haki yake ilikuwa imekwisha, lakini mtaro wa Kortleve ulikuwa na kibali hadi tarehe moja Oktoba, na mtambo ukiwaka lazima mtu awepo.

Mwishoni mwa Septemba Aafke aligundua ganda la mkate, na baada ya hapo matiti yakawa jambo la asubuhi na jioni tu, la kitandani, lisilohitaji mtambo. Siku ya mwisho Marrigje alikuja bila chupa. Alikaa tu. Namba mbili ikaguna, ikapanda kwenye nyayo, ikafika kifuani, na shati likabaki kavu. Cor alikuwa amerudi ndani na gazeti.

"Basi?" aliuliza.

"Basi."

Akaendelea kusoma.

Chumba namba saba kilifunguliwa Januari, Aafke akiwa na miezi kumi na minne. Pingamizi la mwanga lilikuwa limemalizwa kwa maafikiano: karatasi ya ukungu ilibandikwa nusu ya chini ya kioo. Kulikuwa na kiti cha kuegemea, sinki, friji ndogo, na picha ya bonde. Mwenyekiti alisema maneno machache, na watu wakagawiwa zile biskuti kavu za siagi na punje tamu za rangi zinazoliwa mtoto akizaliwa, na Huib akauliza kama chumba ni cha kiume au cha kike. Aafke, ambaye Ineke alisisitiza aletwe, alitembea hatua sita kuelekea kwenye friji. Watu walipiga makofi. Taarifa ya mwaka ilikisifu chumba kwamba, tangu kipatikane, muda wa kutumika kwake haujashuka chini ya asilimia tisini.

Aprili iliyofuata Jorinde, wa kitengo cha ramani, alirudi kutoka likizo ya uzazi na begi jeusi begani, akasimama mbele ya skrini tatu za Marrigje.

"Mwenzangu, hicho chumba mtu anakipataje? Nimegonga, kuna wanaume watano ndani."

Marrigje alifungua ratiba. Chumba namba saba kilikuwa kimeshikwa, asubuhi na mchana, hadi mwisho wa Juni, na kikosi kazi cha kutathmini chumba namba saba.

Aliitazama mbingu ya dirishani, ambayo ilikuwa buluu.

"Saa yako ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tano. Na tisa hivi."

Marrigje alivuta droo, akatoa fomu namba kumi na nne, akampigia simu Gijs Kortleve. Iliidhinishwa kwa siku mbili.